Ugonjwa Unaokuja Polepole: Habari za Watu wa Mashamba ya California



Mwinjili Luka anatusimulia habari za mama mmoja aliyepindika mgongo muda wa miaka 18, asiweze kujinyosha kamwe. Siku ya Sabato Bwana wetu Yesu Kristu alimwona ndani ya sunagogi, akamwita, akamwekea mikono, naye mara akasimama wima na kumtukuza Mungu. Tunapoisoma habari hiyo, macho yetu huenda upesi kwenye muujiza, tukaisahau ile miaka 18. Miaka 18 ni mingi. Twaweza kufikiri kwamba watu walikwisha kumzoea. Kwao alikuwa “yule mama aliyepinda”, basi. Bwana wetu hakumzoea.

Kuna magonjwa ya namna mbili. Mengine huja kwa kishindo. Homa kali, kipindupindu, mguu uliokatwa na shoka: hayo kila mtu huyaona, na watu hukimbia kutafuta msaada. Mengine huja kimya kimya, kama mchwa ndani ya nguzo ya nyumba. Kwa nje nguzo yaonekana nzima, kumbe ndani imekwisha kuliwa. Mgongo unaochakaa, sukari katika damu, shinikizo la damu, sumu inayoingia mwilini kidogo kidogo: hayo ndiyo magonjwa ya kudumu. Hakuna ajuaye siku yalipoanza, na mara nyingi hayana siku ya kwisha.

Leo tunataka kusimulia jinsi watu maskini wa mashamba ya California, katika nchi ya Marekani, walivyojifunza kuyaona magonjwa hayo na kuyazuia. Hawakuwa na fedha, wala waganga wao, wala sheria ya kuwatetea. Walikuwa na majirani. Na habari yao inatufundisha jambo moja: ugonjwa wa polepole hauonwi kwanza na serikali, wala na mganga. Huonwa kwanza na jirani, kwa sababu jirani ndiye akaaye na mgonjwa miaka yote. Jirani akinyamaza, hakuna atakayeuona mpaka mtu awe amekwisha kuharibika.

MIKONO YA KUKODI

California iko upande wa magharibi wa Marekani, kando ya Bahari ya Pasifiki. Mabonde yake mawili yanahusika na habari yetu. Bonde la San Joaquin liko ndani ya nchi. Huko zabibu hustawi sana, na huko uko mji mdogo wa Delano. Bonde la Salinas liko karibu na bahari, na udongo wake hutoa saladi kwa wingi mno. Mashamba makubwa ya huko si kama shamba la baba na mama na watoto wao. Ni mali ya matajiri na makampuni. Yanahitaji mikono maelfu kwa majuma machache ya kupalilia au kuvuna, kisha mikono hiyo haitakiwi tena. Kwa hiyo watu wa kazi hufuata mavuno, leo bonde hili, kesho bonde lile, pamoja na wake na watoto wao.

Walikuja Wachina, wakaja Wajapani, wakaja Wafilipino na Wameksiko. Katika miaka ya 1930 wakaja hata Wamarekani weupe, waliofukuzwa makwao na ukame na dhoruba za vumbi. Tangu mwaka 1942 mpaka mwaka 1964 serikali za Marekani na Meksiko zilipatana kuleta wanaume wa Meksiko kufanya kazi kwa mkataba, na mikataba hiyo ilipita milioni 4.

Mwaka 1935 Marekani ilipata sheria kubwa iliyowapa wafanyakazi haki ya kuunda sendika zao. Lakini watu wa mashamba waliachwa nje ya sheria hiyo. Mwaka 1938 ikaja sheria ya mshahara wa chini na ya saa za kazi. Humo pia watu wa mashamba waliachwa nje. Mfanyakazi wa kiwanda alikuwa na sheria ya kushika mkononi. Mfanyakazi wa shamba alikuwa na kapita wake tu.

Walikaa katika makambi, watu wengi katika chumba kimoja. Mara nyingi shambani hapakuwa na choo, na maji ya kunywa yaligawanywa kwa kikombe kimoja kwa kundi zima. Mtu akiugua kifua mwezi wa tano mahali fulani, mwezi wa saba alikuwa amekwisha kuhamia mbali, na mganga wa huko hakujua habari zake. Ugonjwa wa kishindo waweza kutibiwa na mganga yeyote aliye karibu. Ugonjwa wa kudumu unataka mtu anayekujua, akuone leo, akuone tena baada ya mwezi na baada ya mwaka. Ni nani angewajua watu hawa wasio na makao?

Wazee husema: Mchumia juani hulia kivulini. Watu hawa walichuma juani miaka mingi, kivuli wakakipata wengine.

KALE KAFUPI

Kwetu sisi jembe ni rafiki wa nyumba. Mwenye shamba lake huinama, hulima mstari, hujinyosha, husema neno na mwenzake, hunywa maji, huinama tena. Mwili wake mwenyewe humpimia kazi. Huko Salinas haikuwa hivyo.

Kazi ilikuwa kupunguza miche ya saladi na ya ile mizizi inayotoa sukari, na kuondoa magugu. Jembe lililotumika lilikuwa na mpini wa sentimeta 30 hadi 60 tu. Wafanyakazi waliliita kwa Kihispania “el cortito”, maana yake “kale kafupi”. Mtu hakuweza kulitumia bila kuinama sana, akisogea mstari kwa mstari tangu asubuhi mpaka jioni, siku zote za juma, majira baada ya majira.

Wenye mashamba walisema kwamba jembe refu lingeharibu miche, kwa kuwa mlimaji yuko mbali na mche. Walakini kulikuwa na sababu nyingine ambayo kila mfanyakazi aliijua. Kapita aliposimama kando ya shamba aliweza kuona mara moja nani ameinama na nani amesimama wima. Kusimama wima kulikuwa kosa.

Kati ya mifupa ya uti wa mgongo Muumba ameweka vito laini, ili mfupa usisagane na mfupa. Mtu akiinama kutwa nzima kwa miaka, vito hivyo hubanwa na kuchakaa, wala havirudi kuwa vipya. Aliyeanza akiwa kijana mwenye nguvu alizeeka kabla ya wakati. Walioujua ugonjwa huo ni watu wa nyumbani: mke aliyemwona mumewe hawezi kuinuka kitandani, mtoto aliyeona kwamba baba hawezi tena kumbeba. Daftari la shamba halikuandika neno. Hakuna mtu aliyeanguka, hakuna damu iliyomwagika. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: asiyeubeba huuona mwepesi.

MAPADRI WANNE NA MIKUTANO YA NYUMBANI

Mwaka 1950 mapadri wanne wa Jimbo Kuu la San Francisco walipewa ruhusa ya kuwafuata watu hao katika makambi na mitaa yao. Walisoma Misa walikokuwa watu, walijifunza lugha yao, walisikiliza shida zao. Mmoja wao, Padri Donald McDonnell, alikuwa katika mji wa San Jose, karibu na mtaa maskini ulioitwa Sal Si Puedes, yaani “Toka Ukiweza”. Padri huyu hakufundisha katekisimu peke yake. Alifundisha pia barua ya Baba Mtakatifu Leo XIII ya mwaka 1891 juu ya haki za wafanyakazi, iitwayo Rerum Novarum.

Kati ya waliomsikiliza alikuwamo kijana Cesar Chavez, aliyezaliwa mwaka 1927 huko Arizona. Jamaa yake walikuwa na shamba lao, wakalipoteza katika miaka ya dhiki kuu, wakawa watu wa kufuata mavuno. Yeye mwenyewe alilima kwa kale kafupi, na maumivu ya mgongo yakamfuata ukubwani. Mwaka 1952 aliingia katika chama kimoja cha raia wenye asili ya Meksiko. Humo Fred Ross alimfundisha njia ya mikutano ya nyumbani. Maana yake ni hii: usiwaite watu katika ukumbi mkubwa kusikiliza hotuba. Keti nyumbani kwa mtu mmoja, pamoja na majirani wake wachache, uwasikilize.

Njia hiyo ni rahisi, lakini ina nguvu. Katika ukumbi mkubwa maskini hunyamaza. Nyumbani kwa jirani yake husema: mimi mgongo unaniuma, mimi mtoto wangu anakohoa, mimi naona giza baada ya kupita wale wanaonyunyiza dawa. Mmoja akisema, wa pili husema: kumbe hata wewe? Hapo ndipo maumivu ya mtu mmoja yanapojulikana kuwa ugonjwa wa watu wengi, wenye sababu moja.

MWAKA 1962

Mwaka 1962 una tarehe tatu za kukumbuka. Tarehe 25 Septemba Rais John Kennedy, Mkatoliki wa kwanza kuwa rais wa Marekani, alitia sahihi sheria ya kutoa fedha kwa zahanati za watu wa mashamba wanaohamahama. Tarehe 30 Septemba, katika mji wa Fresno, Chavez na Dolores Huerta na wenzao walianzisha chama cha watu wa mashamba. Na tarehe 11 Oktoba Papa Yohane XXIII alifungua Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Mwaka mmoja kabla, katika barua yake Mater et Magistra, Baba Mtakatifu huyo alikuwa amesema kwa urefu juu ya hali ya wakulima na haki zao.

Chama cha Fresno kilianza na mambo madogo. Mwanachama alitoa dola 3 na nusu kwa mwezi. Kwa fedha hizo jamaa walipata msaada wa mazishi, ili maskini wasizike wapendwa wao kwa kuombaomba. Kilifuata chama cha akiba na mikopo, na mke wa Chavez, mama Helen, akashika hesabu zake. Mtu anaweza kuuliza: mazishi na mikopo vina uhusiano gani na magonjwa? Vina uhusiano mkubwa. Mtu mwenye deni hathubutu kukaa nyumbani siku moja, hata kama mgongo wake unawaka moto. Mtu mwenye akiba kidogo, na jirani wa kumsimamia, anaweza kumwambia kapita: leo sitainama.

Tarehe 8 Septemba 1965 wafanyakazi Wafilipino wa Delano, wakiongozwa na Larry Itliong, waliacha kazi katika mashamba ya zabibu. Tarehe 16 Septemba Wameksiko walikutana katika ukumbi wa kanisa la Bikira Maria wa Guadalupe, wakapiga kura kuwaunga mkono. Mwaka 1966, wakati wa Kwaresima, waliondoka Delano kwa miguu kwenda Sacramento, makao ya serikali ya California. Mbele yao ilikwenda picha ya Mama yetu wa Guadalupe. Walifika siku ya Pasaka, tarehe 10 Aprili. Kisha wakawaomba watu wa Marekani yote wasinunue zabibu mpaka haki itendeke, na mamilioni waliacha kuzinunua. Maaskofu wa Marekani waliweka kamati ya kupatanisha pande mbili. Tarehe 29 Julai 1970, huko Delano, wenye mashamba walitia sahihi.

Katika mikataba hiyo yalikuwamo mambo ambayo wengine wangeyaona madogo. Maji safi ya kunywa shambani. Vyoo. Kukataza dawa kali za kuua wadudu kama DDT, miaka miwili kabla serikali ya Marekani yenyewe haijaikataza. Tena kwa kila saa ambayo mtu alifanya kazi, mwenye shamba alitoa senti 10 katika mfuko wa matibabu. Senti 10 ni kitu kidogo, lakini haba na haba hujaza kibaba. Kwa mara ya kwanza jamaa nyingi za mashamba ziliweza kumwona mganga kabla ugonjwa haujawaangusha. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilijengwa pia zahanati huko Delano, katika uwanja wa chama chao. Waganga na wauguzi wengi walikuwa wa kujitolea. Mmoja wa wauguzi wa kwanza wa Delano, Marion Moses, baadaye alisoma udaktari, akatumia miaka mingi kufundisha watu hatari ya dawa za mashambani.

KESI YA JEMBE

Hata hivyo katika mashamba ya saladi ya Salinas kale kafupi kaliendelea kutumika. Huko kulikuwa na ofisi ya wanasheria waliowasaidia maskini wa mashambani bila malipo. Ofisi hizo zilianzishwa mwaka 1966. Mwanasheria mmoja kijana, Maurice Jourdane, pamoja na Hector de la Rosa, aliyewatembelea watu katika makambi, waliwauliza wafanyakazi ni shida gani inayowatesa kuliko zote. Wafanyakazi walimwonyesha lile jembe. Mwanasheria akaingia shambani kulijaribu kwa mgongo wake mwenyewe.

Mwaka 1972 ombi lilipelekwa kwa wakuu wa serikali ya California wanaosimamia usalama wa kazi, kwa jina la Sebastian Carmona na wenzake. Watu wa shamba walisimama mbele ya wakuu, wakasimulia habari za migongo yao. Haikuwa kazi rahisi kwao. Waganga walithibitisha kwamba jembe hilo linaharibu uti wa mgongo, na kwamba uharibifu huo haurudi nyuma. Ilionyeshwa pia kwamba katika sehemu nyingine za Marekani watu hulima mazao hayo hayo kwa jembe la mpini mrefu.

Mwaka 1973 wakuu walilikataa ombi. Kwa nini? Kanuni ilikataza chombo kisicho salama. Lakini wakuu waliona kwamba chombo kisicho salama ni kile chenye kasoro: mpini uliopasuka, chuma kilicholegea, kitu kiwezacho kumjeruhi mtu kwa ghafula. Kale kafupi hakakuwa na kasoro. Kalikuwa kazima, kametengenezwa vizuri, kanafanya kazi yake. Basi, kwa maoni yao, kalikuwa salama.

Tuangalie sana jambo hili, kwa maana ndilo kiini cha habari yote. Wakuu wale waliliangalia jembe katika dakika moja, na katika dakika moja jembe halimwumizi mtu. Mke wa mfanyakazi aliliangalia katika miaka 10. Ukweli ule ule, lakini mmoja alikuwa na macho ya dakika, mwingine alikuwa na macho ya miaka. Magonjwa ya kudumu hayaonekani kwa macho ya dakika.

Tarehe 13 Januari 1975 Mahakama Kuu ya California ilitoa hukumu. Ilisema wakuu wamekosea: chombo kinachomharibu mtu kwa sababu ya kutumiwa kila siku kama kilivyokusudiwa, hicho nacho si salama. Mwezi wa nne mwaka huo huo, chini ya gavana mpya Jerry Brown, aliyewahi kuwa katika novisiati ya Wajezuiti, kale kafupi kalikatazwa katika mashamba ya California. Wafanyakazi walipewa majembe ya mpini mrefu. Saladi haikupotea sokoni. Hasara kubwa waliyoitabiri wenye mashamba haikutokea.

HODI KATIKA MAKAMBI

Tusidhani kwamba mambo yote yalikwisha hapo. Chama cha Delano kilipata shida. Tangu mwaka 1973 mikataba mingi haikurudiwa, baadaye viongozi wakagombana wao kwa wao, na wanachama wakapungua. Zahanati ya Delano haipo tena katika kazi yake. Tangu mwaka 2008 uwanja ule unahifadhiwa kama mahali pa kumbukumbu ya taifa. Na baadhi ya wenye mashamba walipokosa jembe fupi waliwaamuru watu kung'oa magugu kwa mikono mitupu, wakiwa wameinama vile vile. Ilikuwa lazima kudai tena, mpaka kanuni ya mwaka 2004 ikawekea mpaka kazi hiyo pia. Ukuta ukizibwa ufa mmoja, ufa mwingine hutafuta njia.

Lakini ile mbegu ya mikutano ya nyumbani haikufa. Mwaka 1985, katika jimbo la Michigan, ulianza mpango wa kuwafundisha watu wa makambi yenyewe kuwa walinzi wa afya wa jirani zao. Tangu hapo kazi hiyo imeenea sana kati ya watu wa mashamba wa Marekani. Wengi wanaoifanya ni akina mama, nao huitwa kwa Kihispania “promotora”. Promotora si mganga. Ni jirani aliyefundishwa. Analala katika kambi ile ile, anasema lugha ile ile, anajua nyumba ipi ina mzee anayeficha maumivu yake. Jioni hupiga hodi. Hupima shinikizo la damu, hukumbusha dawa, husindikiza mgonjwa zahanati, huonyesha namna ya kupika chakula bora kwa fedha zile zile.

Kazi yake kubwa siku hizi ni ugonjwa wa sukari. Wengine hushangaa: je, mtu afanyaye kazi ngumu hivi hupataje ugonjwa wa sukari? Majibu yako wazi katika makambi. Chakula cha bei ndogo mara nyingi ni kibaya. Kinywaji kitamu hununuliwa ili kukata kiu ya jua. Kuna miezi ya kazi nyingi na miezi ya kukaa bure. Mganga yuko mbali, na anayekosa kazi siku moja hupoteza mshahara. Sukari katika damu hainyimi mtu usingizi mwanzoni. Hula macho, figo na miguu polepole. Mganga humwona mtu huyu mara moja au mbili kwa mwaka. Promotora humwona kila juma.

Katika bonde lile lile la Salinas, mwaka 1999, chuo kikuu cha California cha mji wa Berkeley kilianza kuwafuata akina mama wajawazito wapatao 600 wa jamaa za mashamba, na baadaye watoto wao, ili kujua dawa za kuua wadudu zinafanya nini mwilini. Kazi hiyo iliitwa Chamacos, maana yake “watoto” kwa Kihispania cha Meksiko. Wataalamu hawakwenda peke yao. Walishirikiana na zahanati na watu wa bonde hilo. Waliwafuata watoto mpaka wakawa vijana, wakaona kwamba mama aliyepata nyingi za dawa fulani mwilini wakati wa mimba, mara nyingi mtoto wake alipata shida katika akili na masomo. Mwaka 2020 California iliacha karibu kabisa kutumia moja ya dawa hizo mashambani, iitwayo klorpirifosi. Hapa tena macho ya miaka yaliona ambacho macho ya dakika hayakukiona.

Na zile zahanati zilizotokana na sheria ya mwaka 1962 zingaliko. Kwa mwaka mmoja huwahudumia watu wa mashamba na jamaa zao karibu milioni moja. Kanuni yake moja ni nzuri: zaidi ya nusu ya wajumbe wa baraza linaloongoza zahanati hutoka kati ya wale wanaotibiwa humo. Mgonjwa hangoji mlangoni tu. Anaketi mezani.

NA SISI JE?

Habari hizi ni za mbali, lakini ziko karibu nasi. Hapa kwetu Kongo pia wako watu wanaoinama katika mashamba ya chai, ya kahawa, ya kwinini na ya mawese, na wengi zaidi wanaoinama katika mashamba yao wenyewe. Dawa za kuua wadudu zimefika mpaka vijijini, na kuna watu wanaozinyunyiza bila kufunika pua, kisha chombo chake kikawa cha kuchotea maji. Ugonjwa wa sukari na wa shinikizo la damu si wa matajiri wa mjini tena.

Lakini sisi tuna kitu ambacho wale wa California walipaswa kukijenga kutoka bure. Mwaka 1961 maaskofu wetu wa Kongo walichagua njia ya jumuiya ndogo ndogo za Kikristu zilizo hai, tunazoziita mashirika. Kila juma majirani huketi pamoja nyumbani kwa mmoja wao, husoma Injili, husali, huulizana habari. Je, huo si mkutano wa nyumbani? Shirika linajua nani amefiwa na nani ana njaa. Laweza kujua pia nani ameanza kuchechemea, nani anakunywa maji usiku kucha bila kiu kwisha, nani anaona ukungu machoni, nani anaumwa kichwa kila arudipo kunyunyiza dawa. Dalili hizo haziji na kelele. Zinamtaka mtu aliyezoea kumwona mwenzake, lakini asiyeyazoea mateso yake.

Hatusemi shirika liwe hospitali. Wale watu wanne walioutoboa paa kumshusha mgonjwa wa kupooza mbele ya Bwana wetu hawakumponya wao. Walimfikisha. Shirika laweza kuchagua mama mmoja au wawili wenye busara, wakafundishwa na muuguzi wa kituo cha afya kupima shinikizo la damu na kutambua dalili za ugonjwa wa sukari. Laweza kuweka franka chache kila juma, ili mtu asikose nauli ya kwenda kupimwa. Laweza kusema kwa sauti moja mbele ya mwenye shamba, kwa heshima na bila woga, pale ambapo mtu mmoja angefukuzwa kazi kwa kusema peke yake. Wazee wanajua: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Basi, ndugu wapenzi, juma lijalo shirika litakapokutana, baada ya sala tuulizane habari za afya kwa kweli, si kwa desturi tu. Tusiulize peke yake nani amelala kitandani. Tuulize pia nani ameanza kuinama. Bwana wetu aliyemwona mama yule ndani ya sunagogi atupe na sisi macho ya kuona kabla ya mwaka wa 18 kufika.